Mashini ya Kukimbia Nayo

Mtu aliyekuwa akinichapia kazi yangu ya mwisho ya chuo alikimbia mji wetu wa Baraka na kompyuta yake, na ndani ya kompyuta hiyo zilikuwamo sura zangu mbili. Nilifika kibandani pake asubuhi na karatasi za sura ya tatu, nimezifunga vizuri kwenye mfuko wa plastiki ili zisilowe, nikakuta kufuli mlangoni na meza ya nje imeondolewa. Mama aliyekuwa akikaanga mandazi pale kando ndiye aliyenipa habari. Jamaa alikuwa amevuka ziwa na familia yake tangu juzi.

"Alisema hatarudi tena," yule mama aliniambia. "Alisema vita imemuchokesha, heri akalale chini ya hema kule ng'ambo."

Nilikaa kwenye benchi lake bila kununua kitu. Hakunifukuza. Nadhani aliona uso wangu.

Nilikuwa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha pale mjini. Ili kumaliza, kila mwanafunzi huandika kazi ndefu ambayo sisi tunaiita TFC, kisha anaitetea mbele ya walimu. Yangu ilihusu biashara ya ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, katika mwambao wa Lweba, kijiji alikozaliwa mama yangu: nani anavua, nani anaanika, nani anapeleka kwa wachimba dhahabu wa Misisi na Lulimba, na faida inabaki mikononi mwa nani. Mwaka uliotangulia chuo kilifungwa kwa ajili ya mapigano, mwaka mzima ukatupotea. Sasa kilikuwa kimefunguliwa, lakini hakuna aliyeamini kwamba kitabaki wazi. Tulisoma kama watu wanaokula huku wamesimama.

Nilikwenda kwa mwalimu aliyesimamia kazi yangu nikamweleza yaliyonipata. Alikuwa mtu mpole, mwenye kukohoa, na siku hiyo alikuwa akifunga vitabu vyake kwenye maboksi.

"Binti yangu," akasema, "karatasi za mkono sitapokea. Chuo kikifungwa kesho, kazi iliyo kwenye flashi naweza kuisoma popote nitakapokuwa. Ukiniletea mzigo wa karatasi, nitauacha njiani. Tafuta mashini yako."

Mashini, kwetu, ndilo jina la kompyuta ya kubeba. Aliitamka kama mtu anayekutuma kalamu dukani.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama. Baba alifariki nikiwa mdogo, wakati wa kukimbia kwa kwanza. Mama aliuza sombe, yaani majani ya mihogo, na mihogo mikavu sokoni, na kutokana na mihogo hiyo nilikuwa nimefika mwaka wa tatu. Nilipomwambia aliendelea kuchekecha unga. Nikaanza kulia. Nilimwambia basi, niache, nitafute kazi ya kuosha vyombo kwa wafanyabiashara, miaka yote hii imekwenda bure.

"Futa machozi," akasema. "Kesho tutaenda kuangalia. Kuangalia si kununua."

Mashini ya kwanza tuliiona sokoni, kwenye duka la kijana aliyeleta bidhaa kwa boti. Ilikuwa kubwa, nyeusi, inang'aa, na kioo chake kipana kilionyesha picha ya maua. Moyo wangu ulikwenda kwake moja kwa moja. Niliinama nikaandika jina langu, likatokea safi. Kijana akasema hii ndiyo wanayotumia wakubwa maofisini. Alikuwa bado anaisifu, jenereta ya soko ikakata, na maua yakazimika palepale.

"Betri yake?" nikauliza.

"Betri iko, lakini inataka umeme kila saa," akajibu.

Mama aliomba kuishika. Aliinua kwa mikono miwili, akaipima kama mtu anavyopima kuku, akairudisha mezani.

"Iko muzito," akasema. "Siku ya kukimbia, tutabeba hii ao tutabeba unga?"

Kijana alicheka. Mama hakucheka, wala mimi. Alikuwa amekimbia mara nyingi maishani mwake, na alijua kwa mgongo wake mwenyewe vitu gani hufika na vitu gani huachwa porini. Mara ya kwanza alibeba sufuria mbili na mimi. Zile sufuria aliziacha kabla hatujafika ziwani.

Ya pili ililetwa nyumbani kwetu na mwendesha pikipiki aliyesikia kwamba tunatafuta. Alikuwa ametoka Misisi, tope limemfika magotini, na mashini alikuwa ameizungushia koti lake. Bei yake ilikuwa ya chini mno, kiasi kwamba hata mihogo ya juma moja ingetosha. Ilikuwa nyembamba na nzuri. Alipoiwasha, kioo kilionyesha jina la mwanamume, na chini ya jina nafasi ya kuandika neno la siri.

"Neno lake ni gani?" nikamuuliza.

Akajikuna shingo. "Hiyo mutatafuta fundi, atatoa."

"Kama nyumba ni yako, ufunguo wake uko wapi?" mama akamuuliza. "Huyu mwenye jina, iko wapi?"

Jamaa alinyoosha mkono akaizima. Aliifunga, akairudisha ndani ya koti, akawasha pikipiki yake. Nilitamani kumkimbilia. Nilisema, mama, kila kitu katika nchi hii kimetoka mkononi mwa mtu fulani, tukichagua hivi hatutapata. Mama alisema tu kwamba kitu kile kina mtu anayelia nyuma yake, na kwamba sisi tuna vilio vyetu vya kutosha.

Siku zikaenda. Wenzangu waliokuwa na mashini walikuwa wameanza kukabidhi kazi zao. Niliomba kuazima, lakini kila mtu alikuwa anawahi kumaliza kabla risasi hazijarudi, na mashini ya mtu haikulala. Kutoka milimani upande wa Fizi watu walikuwa wameanza kushuka na magodoro kichwani. Ilikuwa dalili tunayoijua sote.

Ya tatu tuliipata kwa mjane mmoja jirani na msikiti. Mume wake alikuwa mwalimu. Alipigwa risasi katika njia ya Lulimba akitoka kufuata mshahara. Mama alimfahamu yule mjane kwa sababu alikuwa akinunua sombe kwetu, na alisikia kwamba anauza vitu vya marehemu. Tulimkuta ndani, amekaa mkekani, amevaa nguo nyeupe, kwani alikuwa bado katika eda na hakutoka nje. Watoto wake watatu walikuwa wakicheza kimyakimya pembeni, kwa namna ambayo watoto hawachezi.

Tulimpa pole. Kisha akamtuma binti yake mkubwa kuleta mashini kutoka chumbani.

Ilikuwa ndogo, haizidi Biblia kubwa ya kanisani, ya kijivu, imechubuka pembeni. Kibonye cha herufi E kilikuwa kimeng'oka, kimebaki kinundu cha mpira ambacho ilibidi ukibonyeze kwa ncha ya ukucha. Nilikata tamaa. Kazi yangu ilikuwa ya Kifaransa, na katika Kifaransa huwezi kuandika hata mstari mmoja bila E. Kioo chake kilikuwa kidogo, macho yangeuma. Lakini mjane aliiwasha bila waya wowote, ikawaka, ikabaki inawaka muda wote tulipokuwa tunaongea.

"Alikuwa anatayarishia masomo hapo," akasema. "Umeme hatuna. Alikuwa anapeleka kuchaji mara moja, anatumia siku yote."

Mama akaipima mkononi. Safari hii aliitikia kwa kichwa.

Tukauliza bei. Mjane aliinama, akakunja pindo la nguo yake.

"Mimi pesa sitaki," akasema. "Pesa itaisha. Nimesikia ndugu yako iko na boti. Eda yangu ikiisha, anivushe mimi na batoto yangu mupaka ng'ambo. Hapa nitabaki na nani?"

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa na boti ya mbao yenye injini, alivusha ndagala na abiria. Mama alimwendea siku ileile, wakabishana, akakubali. Mjane hakungoja siku ya safari ndipo atupe mashini. Aliniomba kitu kimoja, nimhamishie picha za mume wake kwenye simu yake. Nilifanya hivyo mbele yake, yeye akiangalia kila picha inavyopita. Kisha akanipa mashini na chaja yake, akasema, "Soma."

Nilianza upya sura ya kwanza kutoka kwenye rasimu zangu, zilizojaa mikato na mishale. Kila asubuhi nilikwenda kuchaji kwenye kibanda chenye sola, halafu nikaandika chini ya ukuta wetu hadi betri iishe. Ukucha wa kidole changu ulichanika kwa sababu ya ile herufi. Nilikuwa nimefika katikati ya sura ya tatu, na siku hiyo kibanda cha sola hakikufunguliwa, hivyo niliandika hadi kioo kikazima chenyewe. Sikuwa nimeinuka pale nilipoketi tuliposikia mlio wa kwanza.

Ulitoka upande wa milima. Kisha mwingine ukajibu karibu zaidi. Soko lilivunjika kama chungu. Mama aliingia mbio, amebeba beseni lake la mihogo mikavu, akaniambia nifunge mashini ndani ya plastiki, kisha ndani ya kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, akaiweka chini kabisa ya beseni na mihogo juu yake, akalifunga beseni kwa gunia. Tukashuka ziwani na watu wote.

Boti ya mjomba ilikuwa tayari majini, injini inanguruma, imejaa. Watu walikuwa wamesimama ndani ya maji hadi kifuani, wakiinua watoto juu. Mjomba alituona, akapiga kelele.

"Dada! Ingia na mutoto yako, upesi! Nimewachungia nafasi!"

Mama hakuingia. Aligeuka akaangalia nyuma, na kule nyuma mjane alikuwa anakuja, nguo yake nyeupe imelowa tope hadi kiunoni, mtoto mdogo mgongoni, wale wawili wamemshika huku na huku. Eda ilikuwa haijaisha.

"Chukua yule mama na batoto yake," mama akamwambia kaka yake.

"Tulisikilizana siku ya amani! Leo ni vita!"

"Mashini yake tunayo, kaka. Nafasi ni yake."

"Nawe je?"

"Mimi niko na miguu. Na ye hana kaka mwenye boti."

Nilimvuta mama mkono. Nilimwambia, kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo, "Mama, tufe hapa sababu ya mashini?" Alikuwa amekwisha kuweka beseni mchangani na kuingia majini, anampokea mtoto wa pili, anamrusha juu kwa mjomba. Mjane alipandishwa wa mwisho. Alitutazama, mdomo wake ukafunguka, lakini sikusikia alichosema kwa sababu ya injini. Nafasi ilikuwa imeisha. Boti iligeuka ikaondoka, imezama hadi karibu na ukingo.

Tulibaki na wale waliobaki. Mama alibeba beseni kichwani, tukashika njia ya Lweba kwa miguu.

Watu walikuwa wengi. Mzee mmoja alikuwa anasukuma baiskeli iliyobeba mke wake mgonjwa. Mbele tukakuta kamba imefungwa katikati ya njia, na vijana wenye bunduki. Sijui walikuwa wa upande gani. Siku zile kuuliza ilikuwa hatari kuliko kutojua. Walikuwa na njaa, hilo lilionekana.

"Shusha hiyo," mmoja akamwambia mama.

Akashusha. Kijana alifungua gunia, akainua beseni na kumimina mihogo yote. Furushi la kikwembe likaanguka miguuni pake. Alilifungua, akatoa plastiki, akaishika mashini.

"Na hii?"

"Ni ya masomo ya huyu mutoto, mwanangu," mama akasema. "Tafadhali."

Aliifungua. Akabonyeza kila mahali penye kubonyeza. Kioo kilibaki cheusi. Akaitikisa, akaiweka sikioni, akabonyeza tena.

"Hii imekufa," akamwambia mwenzake.

"Achana nayo. Chukua muhogo."

Akanitupia, nikaidaka kifuani. Walichukua mihogo yote pamoja na gunia, hata vipande vilivyoanguka chini waliokota. Mama aliokota beseni tupu. Tulitembea mbali kabla sijathubutu kupumua, na furaha yangu haikudumu, kwa sababu tulikuwa na mashini na hatukuwa na chakula.

Lweba tulilala katika darasa la shule ya msingi pamoja na familia nyingine nyingi. Nyumba ya babu ilikuwa na wakimbizi wengine waliotutangulia. Mama alikwenda kutwanga mihogo ya watu ili apewe kikombe cha unga, na jioni tulikula bugali mdogo na chumvi, kwa sababu kwenye ule mwambao wa ndagala wavuvi walikuwa wamekatazwa kuingia majini. Miguu yake ilianza kuvimba. Nilitaka kutwanga badala yake, akakataa.

"We andika," akasema. "Mimi nimefanya hii yote sababu gani?"

Kulikuwa na mtu mmoja aliyechaji simu kwa sola karibu na kanisa. Aliniruhusu nichomeke kwake simu zikiwa chache. Niliandika pale, nimekaa juu ya tofali, jua likinipiga kioo hadi nisione maneno. Mwanamke mmoja wa darasani kwetu alipita na bido la maji kichwani, akasema kwa sauti ya kusikiwa, "Batu banakufa na njaa, ye anacheza na mashini." Mtoto wake alikuwa mgonjwa. Nilijiona nikifanya jambo la kichaa, nikiandika namna gani biashara ya ndagala ingeweza kuboreshwa, na mbele yangu mitumbwi imepinduliwa mchangani, hakuna hata mmoja unaotoka.

Mjomba alitokea baada ya majuma kadhaa, amekonda. Alisema aliwafikisha wote. Mjane na watoto aliwaacha ufukweni kule ng'ambo, ambapo magari yalikuwa yanakusanya watu kuwapeleka kambini. Hakujua zaidi ya hapo. Yeye na mama hawakuzungumza juu ya ile siku. Alimwachia samaki wawili wakavu, akaenda.

Baraka ilipotulia tulirudi. Nyumba yetu ilikuwa imesimama, lakini mlango na mabati ya jikoni yalikuwa yamekwenda. Mwalimu wangu mpole hakuwepo. Walisema yuko Uvira, wengine walisema amefariki kwa kile kikohozi chake. Nilipewa mwingine, mtu wa haraka, mwenye miwani. Alichomeka flashi yangu, akasoma kwa muda mrefu.

"Kazi ni nzuri," akasema mwishowe. "Lakini umeandika kana kwamba mambo haya yapo. Wavuvi wanauza, akina mama wanaanika, wafanyabiashara wanatoka Misisi. Nani anatoka Misisi sasa? Barabara imekatika. Badilisha vitenzi vyote, uviweke katika wakati uliopita."

"Vyote, mwalimu?"

"Vyote. Kikao kiko wiki ijayo."

Nilibadilisha. Neno kwa neno, ukurasa baada ya ukurasa, wanauza ikawa waliuza, wanaanika ikawa walianika. Niliwajua wale watu. Nilikuwa nimekaa nao kwenye vichanja vyao, wakanipa ndagala wa kutafuna nilipokuwa nawauliza maswali yangu ya shule. Kila kitenzi nilichobadilisha niliona kama namfunika mtu shuka usoni. Kuna mahali nilishindwa, nikaifunga mashini nikatoka nje.

Siku ya utetezi walimu walikuwa wawili badala ya watatu. Nilivaa kikwembe cha mama, kwa sababu vyangu viliibwa pamoja na mlango. Niliongea, sikumbuki nilivyoongea. Yule mwenye miwani aliniuliza swali moja tu.

"Hawa wavuvi uliowahoji, leo wako wapi?"

Nilitaka kusema kitu cha kitaalamu. Nilitafuta kwa Kifaransa, sikupata.

"Sijui," nikasema. "Mmoja alizama akivusha watu. Wengine sijui."

Walitoka, wakarudi, wakanipa alama za kupita, si nyingi, zinazotosha.

Mama alikuwa ananingoja nje, amekaa kwenye ngazi, miguu ameinyoosha mbele kwa sababu ilikuwa bado haikunjiki vizuri. Aliinua uso kuniangalia.

"Nimepita," nikamwambia.

Alifunika uso wake kwa viganja, mabega yakitetemeka. Sikuwahi kumwona analia, hata siku ya baba. Nilikaa ngazini kando yake. Wanafunzi wengine walikuwa wanapita, wengine na ndugu zao wakiwamwagia poda ya pongezi kichwani na kuimba. Sisi hatukuwa na poda. Mama alipomaliza, alijifuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akanipa mkono nimwinue, tukaanza kushuka polepole kuelekea soko, kuona kama tutapata mtu wa kutukopesha mihogo tuanze kuuza tena.